Kutafuta na Kuopoa Majini: Mwongozo kwa Timu ya Wazamiaji wa Kujitolea

Wengi wanaojiunga na timu ya kujitolea ya utafutaji na uopoaji huja wakiwa tayari ni wazamiaji hodari, na jambo la kwanza wanalopaswa kujifunza ni kwamba uhodari huo ni sehemu ndogo tu ya kazi. Anayezamia kwa burudani huchagua siku tulivu na maji maangavu. Mzamiaji wa timu hii huitwa baada ya mafuriko au usiku, akaingia katika maji ambamo hawezi kuona mkono wake mwenyewe hata akiusogeza mbele ya barakoa, na anachokitafuta hukitambua kwa vidole. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia nchi kavu na unakaa huko kwa muda mrefu.

Timu ya kujitolea haijitumi. Kabla ya tukio lolote, pawepo makubaliano ya maandishi kati ya timu na polisi au mamlaka nyingine inayosimamia uokoaji, yakieleza ni nani mwenye haki ya kuiita timu, nani anaamuru eneo la tukio, bima ipi itamhudumia mzamiaji akiumia, na vitu vinavyoopolewa hukabidhiwa kwa nani. Timu inayofika kwa kusikia habari mitaani, hata kwa nia njema kabisa, huvuruga ushahidi na kuongeza idadi ya watu walio hatarini.

Ikishafika, swali la kwanza la kiongozi ni kama kazi bado ni ya kuokoa au imekwisha kuwa ya kuopoa. Baridi kali hupunguza mahitaji ya mwili ya oksijeni, na ndiyo maana mwaka 1986 nchini Marekani mtoto mdogo aliyekaa dakika 66 chini ya maji baridi ya kijito aliweza kurudishiwa uhai. Timu nyingi kwa hiyo huichukua saa ya kwanza kuwa ni saa ya uokoaji. Saa hiyo ikishapita, na hasa katika maji ya joto ambako matumaini hukatika mapema zaidi, haraka haina tena mtu wa kumsaidia, na kanuni moja inatawala kila uamuzi: hakuna maiti, silaha wala gari linalolingana na uhai wa mzamiaji. Kiongozi anaweza kuahirisha kazi hadi asubuhi, na kila mzamiaji anaweza kukataa kuingia majini bila kuulizwa sababu. Haki hii ya pili iandikwe na irudiwe kabla ya kila zamu, kwa kuwa mtu wa kujitolea anayemsikia mzazi akilia ukingoni huona aibu kusema kwamba leo hayuko sawa.

Sasa tufike kwa mashahidi, ambao kwa maoni yangu ndio wanaoamua matokeo kuliko kifaa chochote. Kila shahidi ahojiwe peke yake, kabla hawajakaa pamoja na kulinganisha kumbukumbu, na ahojiwe akiwa amesimama palepale aliposimama wakati wa tukio, kwa urefu uleule: aliyekuwa ameketi aketi, aliyekuwa ndani ya mashua arudishwe katika mashua. Usimwulize ni mita ngapi, kwa kuwa umbali juu ya maji humdanganya kila mtu. Mwombe anyooshe mkono kuelekea mahali alipomwona mtu kwa mara ya mwisho, kisha utafute upande wa pili kitu kisichohama, kama mti, nguzo au pembe ya nyumba, kilicho kwenye mstari wa mkono wake. Shahidi wa pili akikupa mstari mwingine kutoka mahali tofauti, pale mistari hiyo miwili inapokatana ndipo panapowekwa boya. Njia nyingine ni kumpeleka mtu katika mashua, naye shahidi akamwongoza kwa mikono hadi aseme, “Hapo.” Ukiwa na shahidi mmoja tu, na yeye ni mtoto, msikilize kwa makini vilevile, mara nyingi watoto hueleza walichokiona bila kuongeza walichokidhania.

Boya hilo lina thamani kubwa kwa sababu ya tabia ya mwili majini. Katika maji yaliyotulia, mwili huzama karibu wima, na kwa kawaida hupatikana ndani ya umbali usiozidi kina cha mahali hapo: kina kikiwa mita 6, anza na duara la nusu kipenyo cha mita 6 kabla ya kufikiria mbali zaidi. Mtoni mkondo huusukuma, lakini maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, na mwili hunasa kwenye mizizi, mawe na mashimo. Gesi za kuoza huuinua tena juu, kwa kasi inayotegemea joto: katika maji ya joto hiyo inaweza kuwa siku chache, na katika maji ya kina yenye baridi karibu na kuganda huenda usiinuke kamwe.

Kwa kila mzamiaji mmoja aliye chini, juu pawepo watu wasiopungua watatu. Kuna mshika kamba, ambaye hana kazi nyingine yoyote. Kuna mzamiaji wa akiba, aliyevaa kila kitu na kukamilisha ukaguzi, ambaye anaweza kuwa majini ndani ya dakika moja. Na kuna kiongozi, anayeandika muda wa kuingia, hewa iliyopo na eneo lililokwisha kupekuliwa. Mzamiaji wa akiba asitumwe kamwe kwenda “kusaidia kidogo”, maana akishaingia kutafuta, aliye chini hana wa kumwokoa.

Kamba ndiyo macho, mdomo na njia ya kurudi ya mzamiaji. Ifungwe kwenye mkanda maalumu wa kifuani ulio chini ya vifaa vingine vyote, ili hata akilazimika kuuvua mtungi abaki ameshikwa. Ishara zake zikubaliwe na timu nzima na zibaki zilezile mwaka hadi mwaka, kwa mfano, mvuto mmoja kutoka juu uwe swali la “u salama?”, miwili iwe “geuka na uendelee”, mitatu iwe “panda”, na minne iwe “simama, kuna hatari”. Kila ishara ijibiwe. Kimya baada ya ishara kurudiwa ni dharura, na hapo wa akiba huingia kwa kuifuata kamba yenyewe.

Katika upekuzi wa upinde, ambao ndio rahisi zaidi kufanyia kazi kutoka ukingoni, mzamiaji huivuta kamba ikakaza, akapapasa chini kwa mkono kutoka upande mmoja hadi mwingine, na anapofika mwisho mshika kamba humwashiria ageuke na kubadili urefu wa kamba. Kwa mwili wa mtu mzima mabadiliko hayo yanaweza kufikia mita 1; kwa kisu au simu yawe nusu ya hapo au pungufu, kwa sababu njia ya pili lazima ipande kidogo juu ya ile ya kwanza. Mahali penye mkondo, anzia upande wa chini na usogee kuukabili, ili tope unalolitibua lichukuliwe nyuma yako. Eneo lililopekuliwa lichorwe mara moja, kwani eneo ambalo timu “inadhani” imelimaliza ndilo linalorudiwa siku tatu baadaye. Ikiwa kuna sonari, yaani kifaa kinachotafuta chini ya maji kwa mawimbi ya sauti, au mbwa aliyefunzwa kunusa akiwa ndani ya mashua, vitumiwe kwanza kupunguza eneo. Dakika ya mashine ni salama kuliko dakika ya mtu.

Hesabu ya hewa ifanywe na aliye juu, kwa karatasi. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200, yaani shinikizo karibu mara 200 ya lile la hewa ya kawaida, una takriban lita 2,400 za hewa. Mtu anayefanya kazi nzito gizani anaweza kuvuta lita 40 kwa dakika, na kwa kina cha mita 10, ambako shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, hizo huwa lita 80. Ukitaka arudi akiwa na nusu ya hewa, una dakika 15 tu. Pamoja na hayo abebe mtungi mdogo wa akiba unaojitegemea, na vifaa viwili vya kukatia vilivyofungwa mahali ambapo mkono wowote unavifikia, kwa sababu nyavu na mishipi ya kuvulia haionekani gizani.

Hatari moja inahitaji kutajwa peke yake: maji yanayovutwa. Kwenye mabwawa, milango ya maji na mabomba, tundu la sentimita 20 kwa 20 lililo kwenye kina cha mita 5, lenye nafasi tupu upande wa pili, humkandamiza anayeliziba kwa nguvu ya karibu kilo 200, na hakuna binadamu wa kujinasua. Usiingie mpaka mwenye mtambo aufunge, aufungie kwa kufuli, na ufunguo uwe mkononi mwa kiongozi wa zamu.

Anayempata marehemu asimame, atulize pumzi, atoe ishara, aweke boya na akariri mkao: kichwa kilielekea wapi, mikono ilishika nini. Mwili uingizwe katika mfuko wenye matundu ya kuchujia maji ukiwa bado chini ya maji, pale usalama unaporuhusu, kwa kuwa humo hubaki ushahidi, na kwa kuwa familia haipaswi kumwona mpendwa wao akiburutwa kwa mkono au nguo. Silaha iinuliwe ikiwa ndani ya chombo kilichojaa maji yaleyale, ili kutu isianze njiani.

Familia iwe na mtu mmoja wa timu anayezungumza nayo, mbali na ukingo, kwa jina la aliyepotea. Asiahidi chochote. Aseme kinachofanyika sasa, na saa atakayorudi kuwaeleza tena, kisha arudi saa hiyohiyo hata kama hana jipya.

Baada ya kazi, kila aliyegusa maji aoshwe akiwa bado na barakoa na vifaa vyake, maana maji ya mafuriko hubeba mafuta, kinyesi na viuatilifu. Timu ikae pamoja siku hiyohiyo ieleze kilichotokea kwa mpangilio, bila kumtafuta mwenye kosa. Aliyempata marehemu kwa mikono gizani hukumbuka kwa ngozi, na kumbukumbu hiyo huweza kuchelewa. Kiongozi ampigie simu siku ya tatu, kisha baada ya wiki mbili, amwulize anavyolala, na awe na namba ya mshauri nasaha tayari kumpatia.