Grafu ya kasi na muda: anza na vipimo

Nimeligundua hili nikimfundisha mdogo wangu wa kidato cha tatu hapa Dodoma. Usikariri, tazama vipimo vya mihimili: kasi (m/s) kwenye mhimili wima, muda (s) kwenye mlalo. Ukizidisha m/s kwa s inabaki m, kwa hiyo eneo chini ya mstari ni umbali. Ukigawanya unapata m/s², basi mteremko ni mchapuko, yaani kasi inavyobadilika kila sekunde. Bodaboda inaondoka Jamatini, inatoka 0 hadi 10 m/s kwa sekunde 5, kisha inashikilia kasi hiyo sekunde 20: pembetatu 25, mstatili 200, jumla mita 225. (Mstari mlalo si kusimama jamani, wengi hunaswa hapo!) Kasi ikiwa km/h na muda dakika, badilisha kwanza, la sivyo jibu litakuwa kichekesho. Mstari ukishuka chini ya sifuri, pikipiki inarudi nyuma: toa eneo hilo ukitaka kujua iko mbali kiasi gani na ilipoanzia.