Tabo ya dizeli iliyotoka kufanyiwa ovaholi: kagua kwanza, nati baadaye

Kabla ya kuwasha, mimina oili safi kwenye tundu la kuingizia oili la tabo (kifaa kinachosukumia injini upepo wa ziada), zungusha shafti kwa mkono, kisha piga stata bila injini kuwaka mpaka taa ya oili izime. Ikishawaka, iache iungurume dakika 3 hadi 5 bila kupiga resi.

Gari halina nguvu na linatoa moshi mweusi? Usikimbilie kulaumu tabo. Kagua mipira ya intakula (kipoozeo cha upepo unaotoka kwenye tabo). Palipolowa oili kwenye maungio ndipo upepo unapovuja. Moshi wa bluu mara nyingi ni bomba la kurudishia oili lililoziba, na mchawi huwa silikoni ya gasketi iliyojikunja ndani. (Gasketi kavu inatosha.)

Kurekebisha presha ya tabo ni mwisho. Kwenye tabo ya vali ya kupunguza presha, unganisha geji ya presha, legeza nati ya kuzuia, zungusha fito (chuma kinachoendesha vali hiyo) nusu mzunguko tu, jaribu barabarani. Kufupisha fito huongeza presha; ikizidi, kompyuta hukata nguvu. Tabo ya mapezi yanayojongea ina skrubu ndogo ya kikomo: hiyo usiiguse, hupimwa kwa mashine maalumu.