Kuchagua sailensa ya bunduki bila kupoteza shabaha

Kabla ya kununua, hakikisha sheria ya nchi yako inakuruhusu kumiliki sailensa, yaani kifaa cha kupunguza sauti kinachofungwa mwishoni mwa mtutu, kwa kuwa mahali pengi hutakiwa kibali chake. Kisha linganisha tundu lake na kipenyo cha risasi: sailensa ya milimita 7.62 inaweza kupitisha risasi ya 5.56 iwapo mtengenezaji ameidhinisha, lakini kinyume chake ni hatari kubwa.

Kuhusu shabaha, wengi huogopa bure. Uzito unaoning'inia mwishoni mwa mtutu hubadilisha mtikisiko wake, hivyo risasi huweza kutua mahali tofauti na pale pa awali. Hilo si kasoro, mradi zote zitue pamoja na zihamie palepale kila unapoifunga upya. Piga risasi kadhaa bila sailensa, kisha nayo, uifungue na kuifunga tena, ndipo urekebishe darubini. Kundi la matundu ya risasi likitawanyika, kagua hesi za mtutu na bega lake, yaani ukingo ambao sailensa huuegemea, kwa sababu sailensa iliyokaa upande huweza kuguswa na risasi ndani. Kwa maoni yangu, kuifunga moja kwa moja kwenye hesi za mtutu ni bora kuliko urahisi wa kufunga haraka.

Sailensa ikipunguza teke la bunduki, mpigaji hatishiki, na shabaha huimarika. Ila baada ya mfululizo wa risasi, joto hupanda mbele ya darubini na kuifanya taswira icheze, hivyo subiri sailensa ipoe. Vaa kinga ya masikio daima, maana risasi inayopita kasi ya sauti, takriban mita 343 kwa sekunde, bado hupasua hewa kwa kishindo.