Jinsi ya kuomba ukaguzi wa eneo la wazi lililovamiwa mtaani: Tabora mjini

Eneo la wazi huliwa kidogo kidogo. Masika mtu analima mahindi, hakuna anayesema neno. Kiangazi kikifika panazungushiwa minyaa. Mwaka unaofuata zinashushwa tofali, na msingi ukishachimbwa mhusika anaongea kama mwenye kiwanja. Mtaani kwetu tulianza kufuatilia tofali zikiwa tayari zimepangwa. Utaratibu ni uleule hata kama nyinyi bado mko kwenye mahindi, ila mkiwahi hapo kazi ni nyepesi zaidi.

Anzeni na karatasi, si na mvamizi. Hapa ndipo muda wetu mwingi ulipopotelea, kwa hiyo nitapaeleza kwa kirefu.

Eneo lililopangwa na kupimwa lina nyaraka mbili. Ya kwanza ni mchoro wa mipango miji, wenye namba yake, unaoonyesha vitalu, viwanja, barabara na sehemu zilizoachwa wazi. Ya pili ni ramani ya upimaji, yenye vipimo na bikoni, yaani mawe ya mpaka. Zote mbili mnazihitaji. Mchoro unathibitisha kwamba hapo hapakupangiwa nyumba. Ramani inathibitisha mpaka unapita wapi. Mkienda na mchoro peke yake, mvamizi atakubali kwamba eneo la wazi lipo, kisha atasema liko kule mbele na yeye yuko nje yake. Bila vipimo hamna la kumjibu.

Shida ni kwamba eneo la wazi kwa kawaida halina hati mkononi mwa mtu, kwa hiyo hakuna jirani mwenye nakala kabatini. Mkienda ofisini kuomba "ramani ya pale kwenye miembe", jibu mtakalopewa ni kwamba haionekani. Njia iliyotufungulia ni hii: tafuteni jirani anayepakana na eneo hilo ambaye ana hatimiliki. Ndani ya hati kuna ramani ndogo ya kiwanja chake, na juu yake pameandikwa kitalu pamoja na namba ya ramani ya upimaji iliyosajiliwa. Andikeni namba hizo, kisha ndiyo muende ofisi ya ardhi. Ombi liwe la maandishi. Sheria ya mwaka 2016 ya haki ya kupata taarifa inaipa ofisi ya umma siku 30 za kujibu, na ombi la mdomo halina tarehe ya kuanzia kuhesabu.

Mkishaipata ramani, mtafuteni mtu wa kuwasomea. Tabora tuna Chuo cha Ardhi, na mitaani hawakosi watu waliopita pale. Jioni moja ya kukaa na mtu anayejua ramani ilitusaidia kuliko mabishano yote ya barazani.

Kama mtaa wenu haujapimwa kabisa, njia hii haitawafaa. Ulizeni kwanza habari za urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyojengwa bila mpango.

Mkutano wa mtaa ni lazima. Malalamiko ya mtu mmoja hugeuzwa haraka kuwa ugomvi wa majirani. Muhtasari uwe na mahudhurio yenye saini, mhuri wa mtendaji, na uamuzi ulioandikwa waziwazi kwamba wakazi wanaomba ukaguzi. Kama kiongozi wa mtaa ana mkono kwenye jambo lenyewe, nendeni kwa mtendaji wa kata. Na msitishwe na karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Mamlaka ya upangaji, kwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, ni halmashauri. Mtaa hauna eneo la wazi la kumuuzia mtu.

Barua iende kwa Mkurugenzi wa Manispaa, kupitia kwa mtendaji wa mtaa na mtendaji wa kata, nakala kwa Mkuu wa Wilaya na kwa Kamishna wa Ardhi Msaidizi wa Mkoa. Msiandike jina la mnayemshuku. Andikeni kitalu, namba ya mchoro na namba ya ramani, kisha ombeni mambo manne kwa majina yake: ukaguzi wa matumizi ya eneo, kufufuliwa kwa mipaka (mpima kurudisha bikoni mahali pake kwa kufuata ramani), zuio la ujenzi wakati mkisubiri, na taarifa ya ukaguzi kwa maandishi. Hilo la kufufua mipaka msiliache hata kidogo. Afisa mipango miji akija bila mpima ataangalia kwa macho, ataona nyumba na nyasi, na atarudi bila kuweza kusema mpaka uko wapi.

Eneo likiwa kando ya mto au kijito, taja pia Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 na mita zake 60 kutoka ukingoni, ambamo ujenzi hauruhusiwi.

Pale masijala, ofisi inayopokea barua, nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na muombe namba ya jalada. Kuna ofisi ambako barua yetu ilikaa muda mrefu, na kila tulipouliza tuliambiwa inafanyiwa kazi. Tulipoanza kuulizia jalada kwa namba, na liko mezani kwa nani, majibu yalibadilika siku ileile.

Kuhusu fedha: barua iombe gharama za upimaji zibebwe na halmashauri, kwa kuwa ardhi ni ya umma. Mkiambiwa mchangie chochote, ombeni kontro namba, yaani namba ya malipo ya serikali, na mlipe benki au kwa simu. Msichange mafuta ya gari mkononi mwa mtu hata kama mnaona mambo yanachelewa. Fedha isiyo na risiti inampa mvamizi neno la kusema kwamba wapimaji walinunuliwa, na ataing'ang'ania hadi mwisho.

Ombeni tarehe ya kiangazi, Mei hadi Oktoba. Masika nyasi hufunika bikoni na mahindi huziba kila kitu. Fyekeni siku moja kabla, lakini msiguse jiwe lolote la mpaka, hata lililolala. Wazee wanaojua bikoni zilipokuwa wawepo, na majirani wote wanaopakana waitwe, mvamizi naye akiwemo. Mpigeni picha mpima akiwa kwenye kila bikoni.

Taarifa ikithibitisha uvamizi, anayepaswa kutoa notisi ya kuondoka ni halmashauri, na likifika kwenye shauri, halmashauri ndiyo ishtaki, nyinyi muwe mashahidi. Mtu anaweza kuwavuta kwenye Baraza la Kata ili "myamalize". Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, haliamui. Uamuzi uko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nendeni mkiitwa, ila msisaini suluhu ya kumwachia nusu. Uwanja ule ni wa watoto wa mtaa mzima, hata ambao wazazi wao hawakuhudhuria mkutano, na hakuna aliyewapa nyinyi madaraka ya kuugawa.

Bikoni mpya zikishasimikwa, pandeni miti ndani ya mstari wa mpaka kabla ya mvua za Novemba kuisha, na nakala ya ramani ibaki ofisi ya mtendaji wa mtaa ikiwa na namba ya jalada nyuma yake.