Somo: Vibali vya utafiti wa uzamivu (PhD) Lamu, kuanzia chuoni hadi kwa chifu

Ndugu zangu, mmeniomba somo hili mara nyingi, na leo naliandika kwa urefu kwa sababu nimeona wanafunzi wazuri wa huku kwetu wakipoteza msimu mzima wa utafiti kwa kuomba karatasi ya tatu kabla ya kupata ya pili. Nitatumia mfano wa mtu anayetafiti maisha ya wavuvi wa Lamu. Ukiwa na mada nyingine utabadilisha ofisi moja mbili, lakini mpangilio ni uleule.

Hatua ya kwanza: kanuni za chuo chako

Tafuta kitabu cha kanuni za masomo ya uzamivu, toleo la mwaka uliosajiliwa, ukisome mwenyewe. Usitosheke na kuambiwa na waliokutangulia, maana kanuni hubadilika. Andika pembeni muda wa chini na wa juu wa masomo, ripoti za maendeleo zinatakiwa lini, na nani anazitia sahihi.

Hapa kuna jambo linalowakamata watu mwishoni. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya, katika viwango vyake vya 2014, iliweka uzamivu kuwa wa miaka isiyopungua 3 na ikataka mwanafunzi awe na makala 2 katika majarida yanayopitiwa na wataalamu kabla ya kuhitimu. Jarida la maana linaweza kukaa na makala yako miezi mingi bila kukujibu. Kwa hivyo makala ya kwanza itume mapema, hata kabla hujamaliza kukusanya data. Mapitio ya maandishi ya waliokutangulia katika mada yako, yakiandikwa vizuri, yanatosha kuwa makala. Na tafadhali, yaepuke majarida yanayokubali chochote kwa wiki moja mradi ulipe. Chuo kikiyakataa, pesa yako imekwenda na muda umekwenda.

Hatua ya pili: pendekezo la utafiti

Litetee idarani, fanya masahihisho uliyopewa, kisha hakikisha una barua ya kupitishwa na barua ya utambulisho kutoka skuli ya masomo ya uzamili. Kukubaliwa kwa mdomo hakuhesabiki popote utakapokwenda.

Hatua ya tatu: kamati ya maadili

Kamati iwe ile iliyoidhinishwa na NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi. Vyuo vingi vina kamati yake, na chuo kisichokuwa nayo hukuelekeza kwa jirani.

Watu huandika fomu ya ridhaa kwa Kiingereza kizito, kisha wakaipeleka kwa mzee wa Kizingitini. Iandike kwa Kiswahili chepesi tangu mwanzo, uisome kwa sauti mbele ya mtu wa nyumbani kwako asiyehusika na chuo. Palipomtatiza, rekebisha. Wazee wetu wengi wanasoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu vizuri kabisa, na wengine hupenda kuridhia kwa maneno kuliko kutia sahihi karatasi ya mtu wasiyemjua. Yote hayo yanaruhusiwa, lakini lazima uyaombe mapema: eleza katika maombi kwamba utatumia ridhaa ya kurekodiwa, au alama ya kidole mbele ya shahidi. Ukianza kufanya hivyo bila kamati kujua, data yako inaweza kukataliwa.

Eleza pia sauti na majina utayahifadhi wapi na nani atayafikia. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, hilo ni takwa la sheria. Ukiwahoji watoto, unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi.

Hatua ya nne: leseni ya NACOSTI

Maombi ni ya mtandaoni. Unapakia barua ya chuo, pendekezo, idhini ya maadili na kitambulisho, kisha unalipa ada. Kuwa makini na sehemu ya kaunti. Leseni inafanya kazi mahali palipoandikwa tu, na Malindi iko Kaunti ya Kilifi. Kama wavuvi wako wanahamahama kati ya Lamu na Malindi, taja kaunti zote mbili.

Ukiipata, geuza upande wa pili usome masharti yote. Yanasema leseni haihamishiki kwa mtu mwingine, kwamba uripoti kaunti kabla ya kuanza, kwamba kuchimba, kupiga filamu na kukusanya sampuli kunahitaji ruhusa nyingine, na kwamba uwasilishe ripoti ya mwisho ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza. Hilo la ripoti wengi hulisahau kabisa.

Hatua ya tano: linganisha kalenda na bahari

Leseni ina tarehe ya mwisho. Ukiipata upepo wa kusi unapoingia, mnamo Aprili, miezi yako ya mwanzo itakuwa ya bahari chafu: vyombo vidogo havitoki, na safari ya Kiunga inakuwa ya taabu. Msimu wa upepo wa kaskazi, kuanzia karibu Desemba hadi Machi, ndipo bahari hutulia na watu wanatoka. Hesabu kurudi nyuma ili leseni iwe mkononi kabla ya kaskazi. Angalia pia Ramadhani iko wapi mwaka huo. Mahojiano marefu ya mchana na mtu aliyefunga si uungwana.

Hatua ya sita: kaunti, chifu, bandarini

Anza kwa Kamishna wa Kaunti na ofisi ya gavana, na kama utaingia skuli, nenda pia kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti. Kisha naibu kamishna, chifu, na mzee wa mtaa. Kwa upande wa bara usifanye mzaha: tangu operesheni ya usalama ya msitu wa Boni ianze 2015, mtu mwenye daftari na kamera asiyejulikana na ofisi yoyote atasimamishwa.

Kwa wavuvi, mlango ni BMU, yaani kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, ya bandari husika. Nenda na nakala za leseni, kaa, salimia, eleza utarudisha nini kwao. Ukitaka kuingia Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, ruhusa ni ya Shirika la Wanyamapori.

Maswali ya wanachama

*Dada kutoka Faza:* Shikamoo mwalimu. Msimamizi wangu hajibu tangu nimpelekee sura ya pili. Nifanye nini bila kumvunjia heshima?

Marahaba mwanangu. Mwandikie barua pepe fupi, utaje tarehe uliyotuma na swali moja tu unalotaka ajibu, na nakala mpelekee msimamizi wa pili. Kimya kikiendelea, mwone mratibu wa uzamivu wa idara, uende na barua hizo. Huo ndio utaratibu, hautamvunjia heshima.

*Kaka kutoka Malindi:* Mimi nasoma Ujerumani na ni Mkenya. Idhini ya maadili ya chuo changu haitoshi?

Haitoshi. Utafiti ukifanyika Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI, na idhini ya kamati iliyoidhinishwa hapa. Ile ya Ujerumani iambatanishe.

*Mwenzetu wa Malindi tena:* Leseni yangu imetaja magofu ya mji wa kale wa Gedi. Naweza kuchukua vigae vya vyungu vilivyo juu ya ardhi kwa uchunguzi?

Usiokote hata kimoja. Gedi ni Urithi wa Dunia tangu 2024, na mabaki ya kale yako chini ya Makumbusho ya Taifa kwa sheria ya 2006. Omba ruhusa kwao kwa maandishi. Kuvipeleka nje ya nchi ni ruhusa nyingine tena.

*Dada kutoka Langoni:* Ninatarajia kujifungua muhula ujao. Msimamizi amesema nipumzike tu, tutaelewana.

Mungu akujaalie salama. Mshukuru, lakini omba kuahirisha masomo kwa maandishi kabla muhula haujaanza, uambatanishe barua ya kliniki, na usubiri barua ya majibu kutoka skuli ya uzamili. Bila barua hiyo muda wako unaendelea kuhesabika na ada inaendelea kudaiwa. Kama leseni yako itaisha ukiwa nyumbani na mtoto, usihoji mtu yeyote mpaka uihuishe. Peleka maombi wiki hii, kabla hujaanza kuchoka.