SOMO: Pikapu imelala upande nyuma? Pima kwanza, springi baadaye

Wiki hii pekee nimeulizwa mara tano: "Fundi, gari yangu imelala kushoto nyuma, ninunue springi gani?" Mimi si fundi wa kulipwa. Nina Hilux ya zamani, ua wa kuichafua, na makosa ya miaka kadhaa. Naandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena atatumiwa kiungo hiki bila salamu.

Somo ni la pikapu zenye springi za majani nyuma (vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine), Hilux, D-Max na wenzao. Kama yako ina koili nyuma, sehemu kubwa ya haya haikuhusu.

1. Toa mzigo wote. Hata ile jeki nzito na jerikeni ulizozisahau kwenye bodi tangu Krismasi.

2. Upepo wa matairi uwe sawa kushoto na kulia, na matairi yawe ya saizi moja.

3. Egesha mahali tambarare kweli. Kando ya barabara si tambarare. Barabara huinuliwa katikati ili maji yateremke pembeni, na sisi huendesha kushoto, kwa hiyo kila gari iliyoegeshwa pale imelala kushoto. Kati ya wale watano, wawili walinitumia picha zilizopigwa kando ya lami. Tafuta sakafu ya zege.

4. Pima kona zote nne, kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa madigadi juu yake. Usipime kutoka chini. Andika namba. Kisha geuza gari, iegeshe palepale ikitazama ilikotoka, pima tena. Tofauti ikihamia upande wa pili, shida ni sakafu. Kama gari imewahi kugongwa, pima pia kutoka ekseli hadi chesisi, kwa sababu madigadi yaliyonyooshwa kwa nyundo hudanganya. Mimi tofauti isiyofika sentimita moja hainikoseshi usingizi.

5. Hakikisha shida iko nyuma. Chesisi ni ngumu, na kona moja ya mbele ikishuka, nyuma nayo huonekana imelala. Pikapu nyingi za zamani zina torsheni baa mbele (fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi), na mtu akikaza bolti ya upande mmoja zaidi ya mwenzake, gari yote inapinda. Zuia matairi ya mbele kwa mawe pande zote mbili, weka jeki katikati ya ekseli chini ya difu, inua mpaka matairi ya nyuma yaachane na sakafu kidogo tu. Tazama mbele. Ikikaa sawa, mkosaji ni nyuma. Ikibaki imelala vilevile, acha springi zako, kashughulike na mbele. Usisahau kwamba hendibreki hushika magurudumu ya nyuma, kwa hiyo ukishayainua haikusaidii kitu. Ndiyo maana nimesema mawe. Na hapa ni kutazama tu, hakuna mtu kuingia chini.

6. Kagua kwa tochi na brashi ya waya: jani lililovunjika (mara nyingi hufichika pale katikati penye yu-bolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, au chini ya kamba za kushika majani), bushi zilizolika (mipira iliyo ndani ya macho, yale matundu ya miisho ya springi), shako iliyoganda (kiungo kinachoyumba mwisho wa nyuma wa springi), senta bolti iliyokatika (ile inayoshika majani pamoja katikati). Senta bolti ikikatika ekseli huteleza na gari hutembea kama kaa. Pima kutoka habu ya mbele hadi ya nyuma pande zote mbili utajua. Shoki usiilaumu. Kazi yake ni kutuliza mdundo, uzito wa gari umebebwa na springi.

7. Springi zikiwa zimechoka, badilisha jozi. Upande mmoja mpya na mwingine mzee ni kununua ulalo wa upande wa pili.

8. Kung'oa: legeza nati za gurudumu, inua, weka stendi chini ya chesisi mbele ya jicho la springi, toa gurudumu, shikilia ekseli kwa jeki, fungua shoki chini, yu-bolti, shako, kisha bolti ya mbele. Ekseli isining'inie kwenye paipu ya breki.

9. Kurudisha. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo soma polepole.

Kichwa cha senta bolti lazima kiingie kwenye tundu lake juu ya ekseli. Hilo nililijua. Nisilolijua ni habari ya bushi. Bushi za mpira hazizunguki kwenye bolti. Ukikaza, bomba la ndani linabanwa, na springi ikicheza mpira wenyewe ndio unaojipinda. Sasa mimi nilikaza upande wa kushoto gurudumu likiwa bado hewani, springi haijabeba uzito. Kabla ya kuanza kulia jirani akaja kuchukua jeki yake, basi nikashusha gari nikamalizia kulia ikiwa imesimama kwa uzito wake. Nikatoka nje kutazama kazi yangu: kushoto juu, kulia chini, karibu sentimita mbili! Springi mpya! Nikayabeba maneno yangu mpaka kwa aliyeniuzia, nikamwambia mbele ya wateja kwamba ameniuzia springi zisizolingana. Mzee yule hakubishana. Akaniuliza tu, "Ulikaza ikiwa wapi?" Nikarudi nyumbani, nikalegeza bolti za kushoto gari ikiwa chini, nikaitikisa bodi, ikakaa yenyewe. Nikakaza. Kesho yake nikaenda kuomba msamaha, na soda nikanunua mimi.

Kwa hiyo: bolti ya mbele na za shako, ingiza nati zishike tu. Rudisha gurudumu, teremsha gari, itikise mara kadhaa au isukume mbele na nyuma kidogo, NDIPO ukaze hadi mwisho. Ukikaza hewani, hata pande zote mbili kwa usawa, gari itakaa juu kwa uongo, na mpira uliopindwa usiku na mchana utachanika mapema. Kisha utaanza kusikia mlio kila ukipanda tuta.

10. Yu-bolti nunua mpya, za zamani zimeshavutika. Kaza kwa msalaba, kidogo kidogo, usimalize moja kabla ya nyingine, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari yako. Baada ya siku chache za kuendesha, kaza tena, majani hujipanga.

Maswali yaje hapa chini, si inboksi.

Kijana wa Umoja: Fundi shukran. Yangu imelala kulia nyuma. Nibadilishe shoki?

Mwandishi: Hatua ya 4. Vipimo viko wapi?

Kijana wa Umoja: Sina tepu.

Mwandishi: Una pesa za shoki na huna za tepu?

Kabeji Express: Habari ya kazi. Nina D-Max, nabeba kabeji kutoka Kinangop hadi soko la Wakulima. Nimefuata hatua zote. Mbele iko sawa. Nyuma kushoto iko chini sentimita tatu, nimegeuza gari na bado ni kushoto. Sijaona jani lililovunjika, bushi ziko sawa. Kwa nini kushoto tu?

Mwandishi: Hivi ndivyo swali huulizwa. Fikiria barabara niliyoieleza hatua ya 3: mwaka mzima mzigo wako umeegemea kushoto, na mashimo ya ukingoni yote yanakutana na gurudumu lilelile. Lakini kabla ya kununua, jaribu kitu hiki: hamisha springi, ya kushoto iende kulia na ya kulia ije kushoto. Ulalo ukihama, springi ndiyo imechoka. Ukibaki kushoto, chunguza chesisi na vishikio vya springi, huenda vimepinda. Ila usizigeuze mbele nyuma! Kwenye nyingi tundu la senta bolti haliko katikati kabisa, ukikosea utasogeza ekseli. Weka alama ya chaki kabla ya kutoa.

Spana Mkononi: Mimi nafanya kazi hii miaka mingi. Unaongeza jani moja upande uliolala, mteja anaondoka akicheka. Haya ya jozi ni ya kumaliza pesa za watu.

Mwandishi: Anaondoka akicheka, sawa. Umeshaona anavyorudi? Jani la ziada haliinui tu, linafanya upande ule uwe mgumu. Gari tupu itasimama sawa, ukipakia itainama upande wa pili. Tena sijasema haifai kabisa. Gari yenye uzito wa kudumu upande mmoja, kwa mfano tangi au mashine iliyofungwa kwenye bodi, hapo jani la ziada lina maana. Kwa springi iliyochoka ni kuficha.

Spana Mkononi: Hiyo ya kupakia sijawahi kupima.

Mwandishi: Pima, utuletee namba. Kwa kweli ningependa kuziona.

Binti wa Gereji: Na kuzikunja upya kwa mafundi wa jua kali? Kariobangi wananifanyia kwa bei nafuu kuliko mpya.

Mwandishi: Inategemea wanafanyaje. Wakigonga baridi, jani baada ya jani, utapata muda fulani kabla hazijalala tena. Wakichoma moto mpaka jani liwe jekundu kisha waliache lipoe tu, chuma kimepoteza ugumu wake, utarudi pale karibuni. Chuma kilichochomwa lazima kizimwe kwenye mafuta na kupashwa tena kwa kipimo. Uliza kabla ya kulipa.

Binti wa Gereji: Nitauliza. Na tipu yangu kwa wote: nati za yu-bolti zilizoshika kutu, mwagieni mafuta ya kulegeza jioni na tena asubuhi. Mkikata kwa grainda, angalieni tangi la mafuta na paipu ya breki ziko wapi. Cheche hazichagui.

Mwandishi: Asante. Nami niongeze nililosahau: baadhi ya pikapu zina fimbo ndogo kutoka ekseli hadi vali ya breki kwenye chesisi. Vali hiyo husoma urefu wa nyuma ili kujua mzigo. Ukiinua nyuma kwa springi mpya, itadhani gari ni tupu daima na kupunguza breki za nyuma. Irekebishwe.

Kijana wa Umoja: Nimenunua tepu. Kutoka habu hadi madigadi ni sawa kushoto na kulia. Lakini tairi la kulia lina psi 16, kuna msumari.

Mwandishi: Hatua ya 2.

Kabeji Express: Nimehamisha springi leo. Ulalo umehamia kulia. Bolti za shako nilizikaza chini, na senta bolti nimehisi kwa kidole zimeingia. Kesho naenda Kirinyaga Road kutafuta jozi. Nikague nini dukani?

Mwandishi: Beba moja ya zamani uende nayo. Linganisha upana wa majani, idadi yake, urefu kutoka senta bolti hadi kila jicho, na ukubwa wa macho. Zile mbili mpya zisimamishe sakafuni kando kwa kando, mkunjo wake ulingane kabla hujatoa pesa. Na bushi zenyewe nunua hapo hapo, usirudie zile za kwanza.

Kabeji Express: Nikienda na gari iliyotolewa springi nitafikaje?

Mwandishi: Kwa matatu, bosi. Ifunge kwa gunia, kondakta asikudai nauli ya watu wawili.