Kupiga picha mlimani kamera isikuzimikie njiani

Baridi ya huko juu inamaliza betri fasta, kwa hiyo zile za akiba usiziache kwenye begi, weka mfuko wa ndani karibu na mwili, na hata ile iliyozima usiitupe chini ya mzigo, ipashe joto kidogo mara nyingi inakupa picha kadhaa tena. Kwenye theluji kamera inachanganyikiwa, inaona weupe mwingi inapunguza mwanga, theluji inatoka kijivu, we ongeza eksposha (mwanga unaoingia kwenye picha) +1 mpaka +2 halafu cheki histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha picha ina giza au mwanga kiasi gani (picha yenyewe kwenye skrini kwenye jua kali mi siiamini kabisa). Kwa mandhari, tundu la lenzi la f/8 hadi f/11 linatosha. Amka mapema, mwanga wa asubuhi unapiga kwa ubavu miamba inaonekana vizuri na mawingu mara nyingi hayajapanda bado. Ukirudi sehemu yenye joto usiitoe kamera hapohapo, ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, iache ipate joto taratibu ndani ya mfuko, la sivyo lenzi inajaa ukungu. Na usitembee jicho likiwa kwenye kamera jamani, simama, angalia unapokanyaga, ndo upige.